Nokia ilivyozitoa Oppo madukani Ujerumani

SWALI: Mdogo wangu anaishi Stuttgart. Mwaka 2022 alitaka kuninunulia Oppo, akaambiwa Ujerumani haziuzwi tena kwa sababu ya kesi na Nokia. Mbona hapa Mwanza zimejaa tele? Na hiyo Nokia si ilishakufa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Haijafa, ndugu yangu. Mwaka 2014 Microsoft walichukua kitengo cha simu tu. Hataza, yaani haki za kisheria za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, zilibaki kwa Nokia yenyewe huko Finland. Simu yoyote ya 4G au 5G hutumia mbinu zilizobuniwa na wahandisi wa Nokia, kwa hiyo mtengenezaji hukata leseni na kulipa mrabaha, yaani ada kwa kila simu. Kwa 5G, Nokia ilitangaza mwaka 2018 kwamba haitadai zaidi ya euro 3 kwa simu moja.

Oppo walikuwa na leseni. Muda wake ulipokwisha mwaka 2021 wakashindwana bei, na Julai Nokia ikafungua kesi nchi kadhaa, Ujerumani ikiwemo.

Ujerumani ndiko kulikouma. Kule, mahakama inayoamua kama umeingilia hataza ya mtu siyo inayoamua kama hataza hiyo ni halali. Mahakama ya mji wa Mannheim inaweza kukuzuia kuuza leo, huku shauri la uhalali likiwa bado kwenye foleni katika mahakama nyingine, Munich. Wenye hataza wanalijua hilo, ndiyo maana hukimbilia huko. Kwangu mimi huo ni uonevu, hata kama anayedai ana haki yake. Basi Mannheim ikaamua dhidi yao, na Agosti 2022 Oppo na ndugu zao OnePlus wakasimamisha mauzo, na tovuti ya Oppo ya Ujerumani ikabaki haina simu hata moja. Waliokuwa nazo tayari waliendelea kuzitumia na kupata masasisho.

Mwanza hamkuguswa kwa sababu amri ya Mannheim inaishia mipakani mwa Ujerumani.

Oppo nao hawakulala. Walikwenda kushtaki kwao China, na mwishoni mwa 2023 mahakama ya Chongqing ikapanga kiwango cha mrabaha cha dunia nzima: kama dola 1.15 kwa simu ya 5G kwenye nchi tajiri. Iweke hiyo kando ya zile euro 3 (kila mmoja alishinda alikotaka kushtakia!) uone walichokuwa wakigombea.

Januari 2024 wakapatana na kesi zote zikafutwa. Bei waliyokubaliana ni siri yao. Mdogo wako akitaka Oppo sasa, zimerudi madukani.