Bima ya dawa ya mama aliye Marekani: kikomo kipo, lakini Januari ni nzito

SWALI: Habari za kazi. Mama yetu ana miaka 72, ni raia wa Marekani na anaishi kwa dada, Houston. Kila Oktoba huja kwetu Nyakato, akakaa mpaka katikati ya Desemba. Anatumia Eliquis, dawa ya kuzuia damu kuganda, pamoja na insulini. Tulisikia bima ya dawa za wazee huko, iliyo chini ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), imewekewa kikomo, lakini Januari 2026 dada kalipa dola 266 kwa mkupuo. Kosa liko wapi? Na tukimnunulia dawa hapa Mwanza, risiti zinahesabiwa?
*Msomaji, Nyakato*

JIBU: Hesabu ya duka la dawa ni sahihi. Kikomo mlichosikia ni cha mwaka mzima: kilianza 2025 kikiwa dola 2,000, na 2026 ni dola 2,100. Mama akishalipa kiasi hicho, dawa zilizomo kwenye mpango wake, yaani bima ya dawa aliyojiunga nayo, halipii tena mpaka Desemba iishe. Kabla ya hapo, mpango unaweza kumtaka alipe mwenyewe dola 615 za mwanzo, kisha robo ya bei. Eliquis ni miongoni mwa dawa 10 ambazo bei yake serikali iliipatana na watengenezaji, na tangu Januari 2026 ya siku 30 ni dola 231. Insulini ina utaratibu wake: haizidi dola 35 kwa mwezi, na haingoji zile 615. Jumlisha, unapata 266. Februari itakuwa hivyo hivyo, Machi itaanza kushuka, maana zile 615 zitaishia hapo.

Kwa dawa hizo mbili peke yake, mama hafiki 2,100. Ndiyo maana kwake yeye kikomo si habari kubwa. Habari kubwa ni utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, ambao kila mpango wa dawa unatakiwa kuutoa tangu 2025, bila riba. Angejiunga kabla ya Januari, dukani asingetoa hata senti. Mpango ungemletea ankara nyumbani. Ya kwanza isingezidi dola 175, yaani 2,100 kugawa kwa miezi 12. Dola 91 zilizobaki zingeongezwa kwenye 266 za Februari, jumla 357, zikagawanywa kwa miezi 11 iliyosalia: kama dola 32 na senti 45. Utaratibu huu haupunguzi deni, unalitawanya tu. Akijiunga Oktoba haumsaidii kitu, miezi imeshakwisha. Dada apige simu kwa kampuni ya bima mwishoni mwa mwaka, mama akiwa kwenye laini, maana bila idhini yake hawatazungumza na mtu mwingine.

Hapo ndipo safari yenu inapogongana na kalenda. Dirisha la kubadili mpango hufunguliwa Oktoba 15 na kufungwa Desemba 7, wakati mama yuko Nyakato. Barua ya mabadiliko ya mwaka unaofuata hufika Houston kabla ya Septemba kwisha. Asipande ndege bila kuisoma. Mpango unaweza kuitoa dawa kwenye orodha yake, na dawa isiyo kwenye orodha haihesabiwi kwenye kikomo hata ukilipa maelfu. Ada ya bima ya kila mwezi nayo haihesabiwi. Andikeni jina la kila dawa, miligramu, idadi ya vidonge kwa mwezi na duka analochukulia, kisha mlinganishe mipango kwenye tovuti ya Medicare. 

Risiti za Mwanza hazihesabiwi. Bima hiyo hailipii dawa iliyonunuliwa nje ya Marekani. Kwa hiyo aombe dawa za safari nzima mapema, wiki tatu hivi kabla, kwa sababu mfumo wa duka hukataa kutoa dawa kabla ya zamu yake mpaka mpango utoe ruhusa. Eliquis isikatizwe kusubiri mzigo: ikiachwa ghafla, hatari ya kiharusi hupanda.

Insulini isafiri kwenye begi la mkononi. Kwenye shehena inaweza kuganda, na iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na freza. Umeme ukikatika siku nzima, tumieni vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga mbichi, kitambaa kibichi juu. Insulini iwe ndani ya kopo lisiloingiza maji, na vyungu vikae kivulini penye upepo.

Na jambo ambalo wengi hawaulizi: tangu 2023 chanjo ya mkanda wa jeshi haimgharimu chochote kwenye bima hiyo. Achanjwe kabla hajaja.

SWALI: Baba anataka kurudi Sengerema moja kwa moja. Aendelee kulipia bima ya dawa?
*Msomaji, Sengerema*

JIBU: Hapana. Anayeishi nje ya Marekani haruhusiwi kubaki kwenye mpango wa dawa, na miezi ya huku haimletei faini ya kuchelewa kwenye bima hiyo. Akirudi kuishi kule ana miezi miwili ya kujiunga upya. Ila bima ya madaktari, Sehemu B, ni tofauti: akiiacha kisha akairudia, ada hupanda asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokaa bila kuwa nayo. Hiyo aifikirie kabla hajaandika barua ya kuifuta.