Mwanangu, usianzie kwenye bei yao

Mwanangu, ujumbe wako nimeusoma na picha nimeziangalia moja moja. Unasema nyumba mmeipenda, eneo zuri, ila bei wanayotaka inakaribia ya nyumba za jirani ambazo zimeshakarabatiwa, wakati hii paa linavuja, jiko limechoka na choo hakitamaniki, na mwenzio anasema mpunguze asilimia 10 mpeleke ofa msije mkamuudhi mwenye nyumba. Unaniuliza mpeleke ngapi. Ntakujibu, ila namba yenyewe mtaipiga nyie, mi nakuonyesha tu inapotokea.

Kwanza hiyo asilimia 10 imetoka wapi? Imetoka kwenye bei yao hao hao. Tuseme wametaja 90 (namba zangu zote humu ni za mfano tu), basi kichwa kinaanza kuzunguka hapo hapo, 81 unajiona umekuwa mkali, 75 unaona aibu hata kuitamka. Na sio wewe peke yako, mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Northcraft na Neale, waliwapeleka madalali wazoefu wakague nyumba moja huko Tucson, wote wakapewa maelezo yaleyale ila bei iliyotajwa kwenye karatasi ilitofautiana, na makadirio yao yakaifuata ile bei, alafu wengi wao wakasema bei hiyo haikuwaongoza. Hao kazi yao ndo hiyo, sembuse sisi. Kwaiyo ile bei ifunike kwanza, jifanye hujaisikia.

Anzia mwisho. Nyumba ya ukubwa ule, mtaa ule, ikiwa imekamilika kila kitu, imeuzwa ngapi? Nasema imeuzwa, sio inauzwa, maana kwenye tangazo kila mtu anaandika anachojisikia. Tafuta mbili tatu za karibuni zilizokwisha kuhama mikono. Tuseme ni 100. Fundi wako kasema matengenezo 25. Ongeza dharura, na kwa nyumba kuukuu usiweke chini ya asilimia 20 ya gharama ya fundi, hiyo ni 5, kwasababu ukishabandua dari na plasta lazima litatokea jambo ambalo hakuna aliyeliona. Alafu kuna miezi mtakayolipa kodi mnapoishi sasa wakati mkopo wa nyumba mpya nao unaanza kukatwa, weka 4. Na mwisho jilipe nyie wenyewe kwa vumbi, kukimbizana na mafundi na kulala mkiwaza, weka 6, hiyo watu wengi wanaisahau na mimi naona ndo ya haki kuliko zote, maana kama unapata nyumba kwa gharama ileile ya iliyokamilika si ungenunua iliyokamilika ukahamia kesho. Toa zote kwenye 100, inabaki 60.

Ada za wakili na za kuhamisha hati usizitoe hapo, hizo ungelipa hata kwenye nyumba iliyokamilika, ila kwenye bajeti yenu lazima ziwepo. Na ule ukuta unaotaka kuuvunja ili sebule iwe kubwa, huo ni wako, usimpigie muuzaji hesabu yake.

Sasa irudie ile 81 ya mwenzio. 81, jumlisha 25, jumlisha 5, jumlisha 4, ni 115 kwa nyumba ambayo ikikamilika inauzika 100, na hapo jasho lenu sijaliweka. Mpelekee hesabu hiyo taratibu, usimwambie mama kasema.

Hiyo 25 ndo inanipa wasiwasi zaidi, kwasababu fundi mwenyewe umesema aliangalia kwa kuzunguka tu. Rudini mchana na tochi, ikiwezekana baada ya mvua, pandeni darini muangalie mbao za kenchi, zile zinazobeba bati: alama ya maji yenye miduara miduara ya kahawia maana yake limevuja mara nyingi, na ukichomeka bisibisi ikazama kirahisi basi sio kubadilisha bati peke yake, ni mbao pia. Zile nyufa kwenye picha ya tatu, zinazotoka kwenye kona ya dirisha zikapanda mshazari, hizo sizipendi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida, ila wa mshazari ambao upande mmoja umepanuka kuliko mwingine, na mlango wa chumba hichohicho unagoma kufunga, hapo msingi unaweza kuwa umetitia, na msingi anauangalia injinia, sio fundi rangi. Gonga ukuta kwa chini usikie kama plasta imeachia, tazama kama kuna chumvi nyeupe inatoka. Na kwanini ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya? Umeme na maji taka mlipie mtu avikague, jiko bovu linaonekana na kila mtu ila hivyo viwili ndo vinakula hela kimyakimya.

Kwenye ofa yenyewe, 60 ndo mwisho wenu, iandikeni mahali kabla hamjaongea na mtu, na dalali asiijue, ni mcheshi sawa ila analipwa na muuzaji. Anzeni 54 au 55. Iwe kwa maandishi, mwambatanishe makadirio ya fundi na bei za zile nyumba zilizouzwa, muweke masharti matatu: ukaguzi, mkopo kupita, na hati kuwa safi. Namba tupu inaonekana dharau, namba yenye karatasi nyuma yake anaweza akaikataa lakini ataisoma. Jua pia kwamba benki watamtuma mthamini wao, akisema nyumba ina thamani ndogo kuliko mlichokubaliana, tofauti inatoka mfukoni mwenu.

Kuhusu kumuudhi, ulizia nyumba imekaa sokoni muda gani na kwanini anauza. Kama ni ya urithi na ndugu wanataka kugawana, watakusikiliza. Kama ana deni ambalo 60 hailifuti, hawezi kukubali hata akitaka, na hapo mnaagana vizuri, mnamwachia namba ya simu. Wengine hurudi baada ya miezi, wengine hawarudi. Akiwajibu 80 msigawane katikati, pandeni kidogokidogo mkiishia 60 yenu.

Kabla ya kusaini nitumie makadirio mapya ya fundi, na picha ya ule ufa ukiwa umeweka sarafu pembeni nione upana wake.

Mama yako