Sabufa inayonguruma hata sauti ikiwa sifuri

Kaka wa Ilemela uliyeuliza kuhusu sabufa inayonguruma hata bila muziki, anzia hapa: chomoa nyuma waya zote za pini, zile zinazoleta muziki. Ngurumo ikiisha, mara nyingi tatizo ni waya au tundu lililopata kutu. Unyevu wa ziwa hula sana matundu hayo. Ikibaki vilevile, na sauti iko sifuri, shuku kapasita kubwa mbili (vikopo vinavyotunza umeme) karibu na transfoma. Zikichoka, haziwezi tena kulainisha umeme, na mtetemo wa 100 Hz (mara 100 kwa sekunde) unapita hadi kwenye spika.

Chomoa plagi, subiri, kisha pima kapasita hizo kwa mita mpaka isome chini ya volti 2 ndipo uguse. Kapasita iliyovimba juu ibadilishe, na pacha wake pia. Mara nyingi ni 4700 µF 25V; weka 35V kama inaenea, kamwe usishuke. Mstari wa hasi uliochorwa kwenye kapasita ukae upande wake, ukigeuza inaweza kulipuka.

Kabla ya kurudisha spika, pima DC (umeme usiogeuka mwelekeo, kama wa betri) kwenye waya zake. Ikizidi volti 1, usiiunganishe kabisa: huenda IC, chipu ya kukuza sauti, imekufa, na umeme huo utaunguza koili ya spika.