Maziwa ya mimea kwa mgahawa wa Dodoma: soya, karanga au boksi la lozi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mgahawa mdogo wa chai na kahawa huku Area C, Dodoma. Siku hizi napata wateja, wengi vijana wa vyuo na wageni wa mikutano, wanaouliza kama nina maziwa yasiyo ya ng'ombe. Wengine yanawasumbua tumbo, wengine wanasema hawataki kitu kinachotokana na mateso ya mnyama. Supamaketi lipo boksi la maziwa ya lozi kutoka nje, lakini bei yake ni ya lita kadhaa za maziwa ya kawaida. Nikajaribu kutengeneza ya soya mwenyewe: yananuka maharage mabichi, na nikiyatia kwenye kahawa yanakatika. Mama anayeniuzia karanga ananishauri nihamie karanga. Nataka kitu kisichomuumiza mnyama wala mkulima, na mteja akinywa asikunje uso. Nichague nini?

JIBU: Marahaba, dada. Chagua soya, uichanganye na karanga kidogo, na boksi la lozi liache dukani. Sababu nitazitoa, ila nianze na sufuria yako, kwa kuwa maziwa yakikatika mbele ya mteja hatakuuliza tena yametoka wapi.

Harufu kwanza. Ndani ya punje ya soya kuna kimeng'enya kiitwacho lipoksijenesi. Punje ikiwa nzima, kimetulia. Ukiisaga na maji baridi, kinakutana na mafuta ya soya na hewa, na harufu ya maharage mabichi inazaliwa papo hapo kwenye blenda. Ikishazaliwa, hata uchemshe saa nzima haitoki yote. Kwa hiyo kazi ifanyike kabla ya kusaga. Loweka soya usiku kucha, mwaga maji yake, kisha zitumbukize punje kwenye maji yanayotokota uliyotia baikaboneti nusu kijiko cha chai kwa kila lita. Nasema ile ya pakiti wanayotia kwenye maandazi, usitumie magadi ya kupima kwa kopo, nguvu yake haitabiriki. Zichemke dakika 5 hadi 10, zioshe kwa maji ya moto, halafu zisage na maji ya moto vilevile, yasiyopungua nyuzi 80. Jagi la blenda usilijaze kupita nusu, na mfuniko ushikilie kwa kitambaa maana mvuke unausukuma.

Kipimo kizuri kwa mgahawa ni sehemu moja ya soya kavu kwa maji sehemu nane. Kilo moja itakupa kama lita saba. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kamua vizuri, bandika jikoni. Hapa ndipo wengi huharibu: maziwa ya soya hufura povu na kutaka kumwagika kabla hayajachemka kweli, na mpishi akiona povu anazima moto. Wewe punguza moto, koroga chini yasishike, uyaache yachemke kwa dakika 15 hadi 20. Soya isiyoiva ina vizuizi vya tripsini, ambavyo hulizuia tumbo kusaga protini, na mteja atarudi kukulaumu kwa tumbo lilelile lililomfanya akimbie ya ng'ombe. Machicha yanayobaki usitupe. Yanaingia kwenye chapati, kwenye kachori, na kuku wanayapenda yakishapikwa.

Sasa kukatika. Protini ya soya huganda asidi inapozidi, na kahawa nyeusi ni asidi tosha kuifikisha karibu na hapo. Joto kali linamalizia. Lakini Dodoma tuna mchangiaji wa tatu. Maji yetu mengi ya bomba yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kila mkazi wa mji huu anajua yana chumvi. Chungulia ndani ya birika lako la umeme: ule ukoko mweupe uliong'ang'ania chini umetokana na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Watengenezaji wa tofu hutia chumvi za madini hayohayo kwa makusudi ili maziwa ya soya yagande. Wewe unayatia bila kukusudia. Tumia maji ya mvua uliyokinga na kuchemsha, au ya dumu la dukani, angalau kwa kusagia. Ukikosa, chemsha ya bomba, yaache yatulie, mimina ya juu taratibu na ukoko ubaki chini.

Kwenye kikombe, tanguliza maziwa. Yapashe moto kwanza, kisha mimina kahawa juu yake polepole huku ukikoroga. Chagua kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi sana, kwa sababu asidi hupungua kadiri inavyokaangwa. Robusta ya Kagera nayo huwa na asidi ndogo kuliko arabika ya Kilimanjaro au Mbinga. Chai haina shida kubwa, isipokuwa ukiweka tangawizi mbichi: ina kimeng'enya kinachovunja protini, na huo ndio mchezo unaokatisha hata maziwa ya ng'ombe. Ichemshe na maji kwanza dakika chache, maziwa yafuate.

Nije kwenye dhamiri.

Tuanze na ng'ombe mwenyewe, maana mengi yanayosemwa mtandaoni kuhusu mateso yake yametoka kwenye mashamba ya viwanda ya Ulaya na Marekani, ambako ndama hutenganishwa na mama mapema na dume huonekana mzigo. Ng'ombe wa Mgogo wa Chamwino haishi hivyo. Ni zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, anayetoa lita moja mbili kwa siku, ndama hunyonya kwanza ndipo akamuliwe, na mara nyingi fedha ya maziwa ni ya mama wa boma. Mteja wako akikataa maziwa hayo kwa sababu ya imani yake, muheshimu, lakini usimwambie kwamba mama yule ni mkatili. Ardhi ndiyo yenye malalamiko ya haki zaidi hapa kwetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, kwani makorongo yalishazidi. Wenyeji wa Kondoa walilipia uamuzi ule kwa kukosa maziwa na mbolea. Kwa hiyo kupunguza kidogo mzigo wa mifugo kwenye nchi kame si wazo la kigeni.

Lozi je? Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walikusanya takwimu za mashamba ya nchi 119. Kwa wastani wao wa dunia, lita moja ya maziwa ya ng'ombe hutumia maji lita 628, ya lozi 371, ya soya 28. Kwa gesi joto, ng'ombe ni kilo 3.2 kwa lita, soya kama 1, lozi 0.7. Wastani wa dunia haumpimi zebu wa Chamwino, lakini kati ya mimea na mimea unatusaidia. Lozi nyingi za dunia zinatoka California, jimbo linalopambana na ukame, na mizinga ya nyuki husafirishwa kwa malori kila mwaka kwenda kuchavusha mashamba hayo. Kisha geuza boksi usome: kwenye chapa nyingi lozi ni asilimia 2 au 3 tu, yanayobaki ni maji, chumvi na vya kuzuia yasitengane. Mji unaohesabu matone una sababu gani ya kuagiza maji kutoka California?

Soya nayo inasemwa vibaya kwa ajili ya misitu ya Amazon. Ni kweli ilichangia kukatwa kwa misitu, ila sehemu kubwa ya soya ya dunia huishia kwenye chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe. Ya kwako inalimwa Ruvuma, Iringa, Njombe na Mbeya, na ni zao linalorutubisha udongo kwa naitrojeni. Haki ya mkulima unaweza kuitekeleza wewe mwenyewe sokoni: nunua kwa kilo juu ya mizani. Usiguse gunia la lumbesa hata likiwa rahisi, kwa sababu ule mlima ulioshonewa juu ya gunia ni mazao ya mkulima yasiyolipwa, na sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Muulize pia anayekuuzia karanga, wanawake wanaopukuchua hulipwaje kwa debe.

Korosho hutoa maziwa mazito na matamu, hata kuchuja si lazima. Ila nyingi zetu huuzwa ghafi kwenda India na Vietnam, na mafuta ya ganda lake huunguza mikono ya mbanguaji asiye na glavu. Ukitaka kuzijaribu, tafuta zilizobanguliwa hapa nchini, na ununue vipande; ni rahisi kuliko nzima, na kwenye blenda hakuna atakayejua. Tui la nazi ni zuri kwa wali, lakini protini yake ni kidogo sana. Njugu mawe, pamoja na kwamba zinastahimili ukame wetu, zina wanga mwingi: ukichemsha unapata uji. Oti na mchele vina tabia hiyohiyo, ndiyo maana viwanda huvivunja wanga kwa vimeng'enya kwanza.

Karanga nimeziacha mwisho kwa makusudi. Zinalimwa hapahapa, ladha yake inaficha mabaki ya harufu ya soya (robo ya karanga kwa robo tatu za soya inatosha), na mama muuzaji wako hajakosea kuzisifia. Tatizo ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaostawi zaidi mmea unapopigwa na kiangazi karibu na kukomaa, na baada ya mavuno kwenye ghala lenye unyevu. Sisi wa kanda hii hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika Dodoma na Manyara, ikiwemo Chemba, Kondoa na Kiteto, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga hupunguza, hakumalizi.

Kwa hiyo nunua karanga zenye maganda, upukuchue mwenyewe au umlipe mtu, maana kuna wanaolowanisha maganda ili yavunjike upesi, na unyevu ule ndio karamu ya ukungu. Zimwage kwenye sinia jeupe mchana. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizochipua. Zilizobaki kaanga kidogo, menya ngozi, ukague tena. Punje yenye doa la njano au kahawia ndani usiionje ili kuhakiki, itupe, na kuku pia usimpe. Maziwa ya ng'ombe nayo hayajanusurika: ng'ombe akila mashudu au pumba zenye ukungu, sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa yake.

Kilishe, soya iliyotengenezwa hivi ina protini karibu gramu 3 kwa mililita 100, inayokaribiana na ya ng'ombe. Kalsiamu ni chache, na vitamini B12 haimo. Maboksi ya kiwandani huongezewa, yako hayataongezewa. Mtu mzima anayekunywa kikombe kwako hapati hasara yoyote. Lakini mama akikuomba umuuzie lita za mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mkatalie na umwelekeze kliniki. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Anayeacha kabisa vyakula vya wanyama anahitaji vidonge vya B12, na uji wa ulezi utamsaidia kwa kalsiamu. Na yule ambaye tumbo ndilo tatizo, mwulize kama mtindi unamsumbua, kwani wengi wanauvumilia. Andika ukutani kwamba unatumia soya na karanga, wapo wenye mzio.

Pika ya siku mbili, yapooze haraka, yakae kwenye friji kwenye nyuzi 4. Joto la Oktoba na Novemba halisubiri: yaliyokaa mezani zaidi ya saa mbili mwaga. Na ukifikia kuyafunga kwenye chupa na kuyauza nje ya mgahawa, usianze bila kupita SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa ushauri wa vifaa, na TBS, shirika la viwango, kwa usajili, kwa sababu tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na watakachotaka kuona kwanza ni jinsi unavyopima muda na joto la kuchemsha. Anza leo kuviandika kwenye daftari.