Barua ya juri na grini kadi: usiitupe

Salaam dada. Unasema umeitwa kwenye juri (raia wanaosikiliza kesi mahakamani na kutoa uamuzi) hapo Texas, Marekani, una grini kadi tu, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu bila uraia, na shemeji anakushauri uichane barua. Tafadhali usiichane.

Mimi pia niliipata kabla sijawa raia, nikakosa usingizi nikidhani nimevunja sheria. Hujakosa lolote. Texas huchota majina kwa wapiga kura na pia kwa wenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo; wasio raia wanatakiwa kuondolewa, ila wengine hubaki kwenye orodha.

Kwanza kabisa kumbuka: ulipochukua leseni, ulikubali kuandikishwa kupiga kura? Kama ndiyo, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujibu, maana majina ya wanaosema si raia hupelekwa kwa msajili wa wapiga kura.

Kama hapana, geuza fomu iliyo kwenye barua. Kwangu swali la uraia lilikuwa nyuma, herufi ndogondogo, kisanduku pembeni. Tia alama kuwa si raia, weka saini, piga picha pande zote mbili, irudishe mapema. Na usiende kuketi kama raia, hata kama unatamani sana kuona kesi. Kujidai raia kunaweza kukufukuzisha nchini.