Maswali ya Wasomaji: Mabuu Chini ya Gome la Mwembe

SWALI: Muhariri, assalaam alaykum. Mwembe wetu mkongwe huku Wete uliangushwa na upepo wa kusi mwaka jana, na tangu hapo gogo lake limelala shambani baina ya minazi na mikarafuu. Juzi wanangu walibandua gome lake wakakuta mabuu weupe, baadhi yao wanene kama kidole gumba, na wengine wembamba wa rangi ya manjano. Babu yao anasema hao wote ni adui wa minazi na wateketezwe pamoja na gogo. Binti yangu, aliye skuli ya sekondari, anaomba awafuge ili awajue. Tumsikilize nani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Kwanza msikilizeni binti, kisha rudini kwa babu, kwa sababu hofu ya babu ina msingi ila haiwahusu mabuu wote waliomo humo. Wengi wa wanaoishi chini ya gome la mti uliokufa wameingia baada ya mti kufa, na kazi yao ni kulirudisha gogo kuwa udongo. Anayemtia mkulima hasara ni mmoja au wawili, nao hutambulikana kwa kuhesabu miguu, kutazama umbo na kusoma njia walizochimba.

Anzeni na miguu. Buu aliyepinda kama mwezi mchanga, mwenye kichwa cha hudhurungi, miguu sita karibu na kichwa na mstari wa vitone vya hudhurungi ubavuni, ambavyo ndivyo vitundu vyake vya kupumulia, ni wa ukoo wa chonga. Chonga ndiye yule mbawakawa mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele cha mnazi hata makuti yakachanua yakiwa yamekatika kama yaliyopitishwa mkasi. Buu wake haugusi mnazi ulio hai. Hukulia katika magogo ya minazi yaliyooza, malundo ya samadi, na hata gogo la mti mwingine likishalainika kabisa. Hapo babu amesema kweli.

Hata hivyo, ukoo huo una ndugu wengi wasio na hatia, hasa mbawakawa wa maua, ambao mabuu wao hula mabaki yaliyooza tu. Kuna jaribio dogo ambalo binti anaweza kulifanya sasa hivi. Amweke buu juu ya ubao ulio sawa, aondoe mkono na asubiri. Buu wa mbawakawa wa maua hujigeuza chali akatambaa kwa mgongo, miguu yote ikitazama juu, tena kwa kasi inayoshangaza; buu wa chonga hulala ubavu na kujivuta kwa uzito. Sijui jambo la kumpendeza mtoto kuliko hilo, na linafaa kuonekana kabla ya kiberiti kuwashwa.

Buu mnene mweupe aliyenyooka, mwenye mwili wa pingili pingili na miguu midogo mno au asiye nayo kabisa, ni wa mbawakawa wenye papasi ndefu, yaani vile vijiti vya kichwani ambavyo mdudu hupapasia. Ukitega sikio kwenye gogo wakati wa utulivu wa usiku unaweza kumsikia akitafuna. Anayefanana na upawa, yaani kifua kipana bapa kilichofuatwa na mwili mwembamba kama mpini, atakua awe mbawakawa mwenye mng'aro wa shaba au kijani, na njia zake huwa zimeshindiliwa unga laini wa mti. Wale wembamba wa manjano, wagumu na wenye miguu sita mifupi, yaelekea ni watoto wa mbawakawa wanaojirusha juu kwa mlio wa "tak" wanapolazwa chali. Wengi wa hao huwala mabuu wengine, kwa hiyo msiwaue.

Geuzeni pia gome lenyewe mtazame upande wa ndani. Mkiona njia moja iliyonyooka, na kutoka pande zake mbili vijinjia vingi kama miiba ya samaki, hiyo ni kazi ya mbawakawa wadogo wa gome, wenye urefu wa milimita chache tu. Mama huchimba njia ya katikati akitaga mayai kandokando; kila mtoto huchimba yake, na njia hupanuka kwa kadiri anavyokua. Mti wenye afya huwazuia kwa utomvu, na ndiyo maana huipata zaidi miti iliyodhoofishwa na ukame au moto.

Kama binti anataka kuwajua kwa majina, buu peke yake mara nyingi hatoshi. Akate kipande cha gogo lenye mabuu, akitie ndani ya ndoo, afunge mdomo wake kwa kitambaa cha chandarua, na aandike tarehe na jina la mti. Mbawakawa kamili atatoka mwenyewe, ingawa wenye papasi ndefu huweza kuchukua mwaka au zaidi. Abandue kwa ncha ya panga wala si kwa vidole, maana tandu na nge hupenda mahali hapo hapo. Wala asibandue gome la mkarafuu ulio hai: gome likiondoka kuuzunguka mti wote, mizizi hukosa chakula na mti hufa.

Gogo likishakaguliwa, lipasueni likauke au lichomeni, na msikose kutazama vigogo vya minazi ya zamani, kwa sababu humo ndimo chonga hupenda zaidi.

SWALI: Tenga langu la mianzi linatoa unga mweupe kila siku. Je, ni mchwa?
Msomaji, Makunduchi, Unguja

JIBU: Si mchwa, kwani mchwa huacha udongo. Ni mbawakawa wadogo wa jamii moja na dumuzi wa mahindi, ambao ukiwatazama kutoka juu huwaoni vichwa, kwa vile vimefunikwa na kifua kama kofia. Wanafuata wanga ulio ndani ya mwanzi, na kwa hiyo mafundi huiloweka mianzi majini kwa wiki kadhaa kabla ya kuisuka. Kwa tenga hilo, kung'uta unga wote jioni na uweke karatasi nyeusi chini yake. Asubuhi ukiikuta karatasi imeingia unga mpya, basi wangalimo.