Usiwamalizie vipanga topiki za Kidato cha Tatu, utajuta

Salamu ya kamwene nitakupa baadaye. Umeandika kwamba una vipanga saba, yaani wanafunzi wenye vipaji, wa Kidato cha Pili kwenye shule ya kata hapo Mbeya, unafundisha historia na uraia, na mpango wako ni kuwakusanya kila Jumamosi, uwapige topiki za Kidato cha Tatu ziishe kabla ya Septemba, halafu uwamwagie madesa (notisi) ya ziada na maswali hamsini hamsini. Umeuliza pia habari za vitabu, safari ya Kalenga (ilikokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe) na namna ya kumwendea mkuu wa shule kuhusu bajeti. Iache hiyo Jumamosi. Iache leo, kabla hujaitangaza mstarini, maana ukishaitangaza utaona aibu kurudi nyuma. Mimi niliona aibu hiyo, nikaendelea mwaka mzima.

Historia si hesabu. Mtoto aliyeweza milinganyo sahili unampandisha kwenye ya kipeo cha pili, na kweli amepanda. Aliyekariri hoja sita za sababu za ukoloni, ukimpa hoja sita za uchumi wa kikoloni hajapanda popote. Umemhamisha kutoka gunia moja la viazi kwenda jingine.

Hasara yenyewe huioni mwaka huu. Mwaka huu utasifiwa, daftari zimejaa, wazazi wanafurahi. Inakuja Kidato cha Tatu, unapofungua topiki ileile mbele ya darasa zima na wale saba wanakuambia "tulishasoma hiyo, mwalimu". Hawasikilizi tena. Wawili wanachora, mmoja anamalizia hesabu chini ya dawati, na yule mwenye mdomo anakujibia maswali kabla hujamaliza kuuliza, mpaka wengine wananyamaza. Sasa mwulize huyo huyo jambo moja: kwa nini mwaka 1905 Wangoni na baadhi ya Wabena waliingia vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani, Wahehe hawakujiunga? Atakushushia hoja sita za kwa nini Majimaji ilishindwa. Hajaulizwa hilo! Tarehe anazo kichwani: Kalenga ilianguka 1894, Mkwawa alijiua 1898, yaani miaka saba tu kabla ya vita hiyo. Vipande vyote vya kuanzia jibu anavyo, ila hajawahi kuambiwa avigonganishe. Huyo ndiye atakayefika Kidato cha Tano HGL au HGK (historia, jiografia na Kiingereza au Kiswahili) aanze kushangaa kwa nini alama zimeporomoka, halafu watu waseme kipaji kimeisha.

Na Jumamosi zina ubaya wao wa pili. Mtoto wa Umalila au Uporoto Jumamosi yuko shambani kwenye viazi, anapalilia au anavuna. Baada ya mwezi mmoja kundi lako la vipaji linakuwa kundi la watoto wenye muda, wengi wao watoto wa walimu. Kipanga halisi anachunga ng'ombe.

Najua umelitoa wapi wazo hili, kwa sababu lilitolewa kwenye semina na wengi wetu tulikuwepo tukinywa soda. Mwezeshaji alisimama na slaidi zake, akasema mwanafunzi mwenye kipaji "aharakishwe", tukapiga makofi, akakusanya posho akaondoka. Hakusema somo gani. Hakusema aharakishwe kwenda wapi. Mifano yake yote ilikuwa ya hesabu na fizikia, na hakuna aliyenyoosha mkono kumuuliza, mimi nikiwemo, nilikuwa na njaa.

Unachotakiwa kufanya ni hiki: topiki ileile, siku ileile, darasa lilelile, ila vipanga wape chanzo kigumu zaidi na swali ambalo jibu lake halimo kwenye desa lolote. Uko nyanda za juu kusini, umekalia mgodi. Mfano ninaoujua vizuri ni wa fuvu la Mkwawa. Unakaa ndani ya vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80.

Chukua kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba uliomaliza vita kuu ya kwanza na Ujerumani. Humo, katikati ya mambo ya fidia na mipaka, Ujerumani inaagizwa kuikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Kiandike kwa Kiswahili kwenye karatasi, mistari mitatu. USIWEKE kichwa cha habari wala mwaka. Ukiweka umewapa jibu, na dakika 20 zako zimekufa. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande vinne, kwa hiyo kwa vipanga saba ni kurasa mbili za fotokopi.

Dakika kumi za kwanza wabashiri nani ameandika, lini, na akimwambia nani. Kisha wakae wawili wawili (mmoja wapo ajiunge awe wa tatu) waandike maswali matano, siyo majibu. Swali lolote linalojibika kwa kufungua kitabu walifute wenyewe. Hapo ndipo utaona kipaji: wa kawaida anauliza Mkwawa alikufa lini, kipanga anauliza kwa nini wakabidhiwe Waingereza na siyo Wahehe. Mwingine atauliza kwa nini anaitwa sultani. Usijibu.

Ndipo utoe karatasi ya pili yenye miaka mitano tu: 1891 Lugalo, 1894 Kalenga, 1898 kifo, 1919 mkataba, 1954 fuvu linarudi. (Lugalo ndipo Wahehe walipowashinda Wajerumani.) Miezi sita imegeuka zaidi ya miaka 30. Ongeza mambo mawili. Kwanza, fuvu lilirudishwa Juni 1954 na Gavana Twining wa Tanganyika, TANU, chama cha kupigania uhuru, ikazaliwa Julai 7 mwaka huohuo, huku Kenya ikiwaka Mau Mau. Pili, lilichaguliwa kati ya mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na kuangalia tundu la risasi. Sasa wape nusu ukurasa: nani alinufaika na fuvu kurudi 1954, na tunajuaje kwamba ni lake? Wengine darasani wanatumia karatasi hiyohiyo ya miaka kujaza jedwali la kawaida la tukio, chanzo na matokeo, kwa hiyo huhitaji maandalio mawili.

Sahihisha kwa alama kumi: dai 2, ushahidi 4, kumjibu anayepinga 3, lugha 1. Ukianza kuhesabu hoja, watakupa hoja sita nyembamba kama chapati za stendi. Na aya ya mwisho iwe sentensi moja: "Nitabadili msimamo nikionyeshwa…" Wale wa kukariri hapo ndipo wanapokwama, waache wakwame. Mjadala uende kwa Kiswahili, maandishi yawe kwa Kiingereza kama mtihani wao ni wa Kiingereza. Ukilazimisha Kiingereza tangu mwanzo utapata ukimya, siyo fikra.

Yule mwenye mdomo dawa yake ni maharage. Kila mmoja punje tatu, ukisema unatoa moja, zikiisha unasikiliza. Mbeya huwezi kuniambia umekosa maharage.

Halafu hilo la kuwafanya "walimu wasaidizi" wawafundishe wenzao kila kipindi, hapana. Mara moja moja sawa, kila siku ni kuwatumikisha.

Kalenga ni zaidi ya kilomita 300 kutoka kwako, acha kuwaza nauli. Hapo mjini kuna reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa Wachina usio na riba. Watume wazungumze na mzee mmoja aliyeiona ikijengwa, maswali manne tu, warudi walinganishe na kitabu kinasemaje. Mahali mzee na kitabu wanapopishana, waandike nusu ukurasa.

Vitabu na bajeti uliuliza nini tena? Kurasa chache za fotokopi hazihitaji barua kwa mkuu wa shule.